Njia moja, wenyewe watatu: Kutembea katika vilima vya Kericho

*Kutazama mandhari ya nchi ya chai hakuna malipo. Anayetaka kuyapanda kwa miguu ndiye anayehitaji ruhusa, na ruhusa hiyo hutegemea amekutana na nani getini.*

Kilomita nane hivi kutoka mjini Kericho, upande wa kwenda Nakuru, unaacha lami na kushika njia ya udongo inayokata katikati ya chai. Michai imepunguzwa kwa kimo cha kiuno kulia na kushoto, hakuna mti wala kivuli, na jua la saa nne asubuhi linakuchoma utosi ingawa hewa bado ni ya baridi. Njia inateremka. Kisha chai inakoma ghafla na miti mirefu inaanza, mingine ya kuletwa kutoka ng'ambo, mingine ya papa hapa. Chini yake nyasi zinashuka hadi kwenye bwawa lenye yungiyungi. Hapo ni Chagaik.

Bustani hii ya miti ilianzishwa na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley katika miaka ya 1940. Leo ndipo familia nyingi za Kericho huja Jumapili kutandika leso, kufungua hotipoti za chapati na kuwazuia watoto wasikaribie maji. Mbega, wale wenye joho jeupe mgongoni, hukaa juu kabisa ya miti na kuwatazama watu kwa dharau. Tumbili wa kawaida hawana adabu hiyo. Ukigeuza shingo, ndizi imeondoka.

Kwa mtu aliyekuja kupumzika, safari imefika mwisho. Lakini kuna mgeni wa aina nyingine, anayezidi kuonekana humu miaka ya karibuni: kijana wa Nairobi au Kisumu mwenye begi mgongoni na fimbo mkononi, ambaye ameshapanda Ngong na Longonot na sasa anataka jipya. Huyu anaangalia ng'ambo ya bwawa, anaona kilima na ule mstari mwekundu wa njia unaopanda katikati ya kijani hadi kwenye ukingo wa juu, na anataka kuupanda.

Anaruhusiwa? Akimuuliza mchumaji atajibiwa kwamba watu hupita pale kila siku. Askari wa shamba atamtaka barua kutoka ofisini, na kijana wa bodaboda atamwambia yeye ndiye mwongozaji, wapatane tu. Wote watatu watakuwa wamesema kweli.

Pumzi kwanza, ruhusa baadaye

Kabla ya ruhusa kuna mwili. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Londiani na kingo za msitu wa Mau ardhi inapanda zaidi ya hapo. Mgeni aliyelala Mombasa juzi huugundua mwinuko huo kabla hajamaliza nusu ya kilima cha kwanza. Anasimama akijifanya kupiga picha. Wakati huohuo anapitwa na mtoto wa shule mwenye jerikeni ya maji, ambaye anamsalimu "chamge" bila hata kuhema.

Si ajabu kwamba mtu wa kwanza kuiletea Kenya medali ya Olimpiki, Wilson Kiprugut Chumo, alizaliwa Kericho. Alipata shaba katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, akaongeza fedha huko Mexico miaka minne baadaye. Vilima hivi ndivyo vilivyokuwa barabara yake ya kila siku utotoni, kama vilivyo kwa watoto wa sasa. Ndiyo maana wazo la mtu kusafiri kilomita 260 kutoka Nairobi na kulipa ili apande mlima na kuushuka mikono mitupu, bila kuni wala maziwa, bado linawachekesha wazee wengi wa huku.

Baada ya pumzi inakuja mvua. Asubuhi ya Kericho humdanganya mgeni: anga safi, ukungu umelala mabondeni, ndege wanaimba. Ikifika saa nane mchana, mawingu yanakuwa yamejipanga upande wa magharibi. Upepo wenye unyevu unaotoka Ziwa Victoria hupanda miteremko na kugongana na upepo wa mashariki juu ya ukuta wa Mau, na mgongano huo ndio unaoinywesha chai karibu mwaka mzima. Ndio pia unaomnyeshea mtembezi aliyechelewa kuondoka.

Mara nyingine hushuka mawe. Eneo la Kericho na Nandi Hills linatajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mawe hayo huchanachana majani machanga na kumharibia mkulima mavuno, na katika miaka ya 1960 hasara ilikuwa kubwa kiasi cha watu kurusha roketi zenye baruti mawinguni wakijaribu kuyavunja kabla hayajaanguka. Mtembezi hana roketi. Katikati ya shamba la chai hana hata mti wa kujikinga, na mti wenyewe wakati wa radi si mahali pa kukimbilia.

> Katikati ya chai hakuna pa kujikinga, na barabara iliyokuwa imara saa nne asubuhi huwa utelezi mtupu saa tisa.

Halafu matope. Udongo wa huku ni mwekundu, mzito, wenye kina. Ukikauka ni mzuri kuukanyaga. Ukilowa unashika soli na kuongezeka kila hatua hadi mguu unakuwa na uzito wa mtu mwingine, na kwenye mteremko unakuacha uende utakavyokwenda. Wachumaji wa chai hawavai gambuti kwa urembo. Mgeni mwenye raba nyeupe za dukani atashuka kilima kwa makalio, na atashuka mbele ya hadhira, maana shamba la chai halikosi watu wa kutazama.

Tofauti kati ya kutembea kwenye chai na kutembea msituni ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Kwenye chai unaona mbali na bado unapotea. Njia zote zinafanana, kila kona ina namba ya kipande cha shamba isiyokuambia lolote, na nyingine zinaishia ghafla kwenye michai iliyofungamana. Hapo hakuna kupita. Mchai kwa asili ni mti, ukiachwa hurefuka kupita nyumba. Umewekwa kiunoni kwa kukatwa tena na tena, na matawi yake ya chini yamekuwa magumu kama waya. Wanaojaribu kukatiza humo hutoka na suruali zilizochanika.

Msituni ni kinyume. Huoni mbali, ila kila hatua ina kitu: mianzi inayosuguana, mtarakwa uliokufa ukiwa umesimama, mzinga wa nyuki umening'inia juu, na sinendet, ule mtambazi ambao Wakalenjin huwavisha wanariadha wao wanaporudi na ushindi. Kuna upupu pia, na siafu. Ushauri wa wenyeji kuhusu siafu ni mfupi: chomeka suruali ndani ya soksi, na ukiwaona njiani ruka, usisimame kuwahesabu.

Nani mwenye njia

Sasa turudi kwenye geti. Karibu kila njia nzuri ya kupanda vilima vya Kericho na Bomet inapita mikononi mwa mmoja wa watu watatu, na mara nyingi wote kwa pamoja.

Wa kwanza ni kampuni ya chai. Kilimo cha chai cha kibiashara kilianza hapa katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walipochukua ardhi ya nyanda hizi. Majina yamebadilika tangu hapo. Mashamba ya Brooke Bond yakawa ya Unilever. Mwaka 2022 Unilever ikauza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, iliyoipa jina la Lipton, na mwaka 2024 Lipton ikatangaza kuyauza mashamba yake ya Afrika Mashariki kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Browns hiyohiyo ilikuwa imeshanunua mashamba ya Finlay. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chai ambayo mgeni anaitazama kutoka barabarani imeingia mikononi mwa mwenye mali mpya.

Wa pili ni serikali, kupitia Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Chai inapoishia, Mau Kusini Magharibi inaanza, sehemu ya msitu uliotangazwa rasmi kuwa wa serikali mwaka 1932. Kati ya viwili hivyo, katika maeneo mengi, kuna ukanda mwembamba wa chai ya Nyayo, uliopandwa kuanzia 1986 ili uwe mpaka ambao mtu akiuvuka ajue ameingia msituni. Kutoka humo mito ya Itare, Kiptiget na Kipsonoi inashuka kwenda kuunda Sondu-Miriu, unaozungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kabla ya kuingia ziwani.

Wa tatu ni watu wenyewe. Hawa ndio waliozichora njia nyingi kwa nyayo zao, na ndio wenye karatasi chache kuliko wote.

Waogiek walikuwa wakifuata mizinga yao ndani ya Mau kabla ya tangazo lolote la 1932. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwezi Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwatimua, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Wakipsigis na jamii ya Talai wana kesi yao dhidi ya historia: ardhi iliyogeuzwa kuwa chai ilikuwa makao ya babu zao. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Talai, familia kwa familia, hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitoa mapendekezo kuhusu madai hayo mwaka 2019, na mvutano haujatulia.

> Waliozichora njia kwa nyayo zao ndio wenye karatasi chache kuliko wote.

Mtembezi wa wikendi hajaja kusikiliza haya yote. Lakini anapita juu yake. Mzee anayekaa kando ya njia akimtazama kijana mwenye miwani ya jua akipiga picha kilima, huenda anatazama kilima ambacho baba yake alizaliwa juu yake na yeye haruhusiwi kukipanda bila kuulizwa anakwenda wapi.

Kwa nini askari ana wasiwasi

Ni rahisi kumlaumu askari wa geti, na wageni wengi humlaumu. Malalamiko yao yanajulikana: wiki iliyopita wenzetu walipita, leo tunarudishwa, huyu anataka kitambulisho, yule anataka "kitu kidogo", hakuna bei iliyoandikwa, hakuna ramani, hakuna choo kwa kilomita nyingi, jambo ambalo wanawake hulitaja kwanza na wanaume hulisahau.

Upande wa pili una hoja zake. Shamba la chai ni mahali pa kazi. Trela za majani hupita kwa kasi kwenye njia nyembamba zenye kona kali. Majani mabichi huibwa. Na hali imekuwa tete: mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho na waandamanaji waliosema zinawanyang'anya kazi, na mtu mmoja akapoteza maisha katika makabiliano hayo. Meneja aliyepitia siku hizo haoni kundi la watu thelathini wasiojulikana wenye simu za kamera kama utalii. Anaona hatari.

Kuna pia dhima. Mgeni akivunjika mguu kwenye mfereji wa shamba, nani atalipa? Mwezi Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, watalii pamoja na aliyekuwa akiwaongoza. Hiyo ni mbuga ya taifa, yenye malipo getini na walinzi wa wanyamapori. Mabonde ya vijito vya Kericho hupokea mvua nyingi kuliko Naivasha na hayana hata mlinzi mmoja wa kupiga filimbi.

Ndani ya msitu wasiwasi una sura nyingine. Ndovu wapo Mau Kusini Magharibi. Hawaonekani kwa urahisi, na hilo ndilo baya: mtu huwafikia kabla hajawaona. Kuingia bila askari wa misitu au mwenyeji anayejua kusoma kinyesi kibichi ni kucheza na maisha, hata kama ile picha ya mwanzi na ukungu itapendwa na watu elfu mtandaoni.

Pesa za kiingilio zinakwenda wapi

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inawapa wanaoishi kando ya misitu nafasi ya kuunda vyama vya kijamii, maarufu kama CFA, na kuingia mkataba na KFS. Miongoni mwa haki ambazo chama kinaweza kupewa ni kukusanya kuni na asali, kukata majani ya mifugo na kuendesha utalii wa mazingira. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Chama kingeweza kutengeneza njia, kufundisha vijana wake, kupokea wageni na kugawana mapato na serikali.

Utata uko kwenye neno mapato. Serikali imeelekeza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, yaani yaingie kwenye mfuko mkuu wa Nairobi. Ugumu wa mpango huo ulionekana katika msitu wa Karura mwishoni mwa Agosti 2025, KFS ilipoagiza viingilio vyote vilipwe kwa njia hiyo. Chama cha Friends of Karura, ambacho kimesimamia msitu ule pamoja na KFS tangu 2009 na ambacho mishahara ya wafanyakazi wake ilitokana na viingilio hivyo, kilipinga, na suala likafika mahakamani.

Karura iko katikati ya mabalozi na matajiri, ina mawakili wa kuisemea. CFA ya pembezoni mwa Itare au Kerisoi haina. Shilingi ikitoka kwa simu ya mgeni moja kwa moja hadi Nairobi, kijana aliyeamka alfajiri kufyeka njia iliyozibwa na mti ulioanguka atalipwa na nani? Ndiyo maana anadai chake mkononi, kwa bei anayoipima kwa viatu vya mgeni. Mgeni anaita huo utapeli. Mimi naona ni ushuru ambao serikali imeuacha bila mkusanyaji.

Na msitu wenyewe hauna ziada ya kuchezea. Mwaka 2001 serikali ilichomoa takriban hekta 22,800 kutoka Mau Kusini Magharibi na kuzigawa. Baada ya ripoti ya jopo kazi la Mau, watu wakaanza kuondolewa mwezi Novemba 2009, wengine wakalala kandokando ya barabara kwa miezi. Mwenyeji aliyeona msitu ukigawanywa kwa wakubwa, kisha akaona majirani zake wakitimuliwa humo, hawezi kufurahia tu akiambiwa kwamba sasa umefunguliwa kwa watembezi. Anasubiri kuona mara hii unafunguliwa kwa faida ya nani.

Mchumaji si mapambo

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalisemi katika masimulizi yao, na wachumaji hulisema kila wakipata wa kumwambia. Ni picha.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mikono yake inakwenda kasi juu ya meza ya chai, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, konzi ikijaa anairusha nyuma ya bega ndani ya kikapu bila kutazama. Mgeni anamwita ageuke atabasamu. Akigeuka, ni dakika imepotea. Wakija kumi, ni kilo imepotea. Halafu mgeni mwingine anaomba avishwe kikapu, anaingia mstarini, anang'oa majani makubwa na vijiti ambavyo havitakiwi kiwandani, na anayachanganya na yale mazuri. Nyapara akija kukagua, anayekatwa ni mchumaji.

Wengine husimama juu ya michai ili kilima kionekane vizuri nyuma yao. Vikonyo vinavunjika, na mstari huo hautachumwa sawasawa kwa majuma. Waliokuja kupiga picha za harusi ndio mabingwa wa mchezo huu, gauni na vyote.

> Mgeni akiomba kikapu ili apigwe picha, anayekatwa kilo ni mchumaji.

Hili halihitaji sheria wala tume. Linahitaji tu mtu wa kulisema getini, na hapo ndipo kukosekana kwa mwongozaji anayetambulika kunapowaumiza wasiohusika kabisa na utalii.

Somo lililo mlangoni

Ukitaka kujua kama jambo hili linawezekana, tazama anakotoka mwenye mashamba mpya. Sri Lanka ina Pekoe Trail, njia ya kutembea yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, iliyogawanywa katika hatua 22, kuanzia vilima vya Hanthana karibu na Kandy hadi Nuwara Eliya. Imeundwa kwa kuunganisha njia za zamani za mashamba ya chai, zile zilizotumika kusafirisha majani tangu enzi za ukoloni, na ilipata ufadhili wa Umoja wa Ulaya na Marekani. Inakatiza mashamba ya kampuni, misitu ya serikali na vijiji. Mtembezi ana ramani, anajua hatua inaanzia wapi na kuishia wapi, na hulala katika nyumba za wenyeji njiani.

Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho Kericho haina. Njia za zamani zipo. Misitu na vijiji vipo. Hata kampuni ni ya kutoka kulekule. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakalisha meza moja kampuni, KFS na wenyeji, na kazi hiyo ni ya kaunti. Lakini kaunti zetu, sio Kericho pekee, zina mapenzi makubwa na mabango, makongamano ya uwekezaji na majengo ya kuzinduliwa kwa utepe. Njia ya miguu haikatiwi utepe, labda ndiyo sababu haina mtetezi.

Sheria haikatazi. Kinyume chake, Sheria ya Ardhi ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu njia za umma, na inaruhusu serikali ya kaunti, chama au kundi la watu kuomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi itenge njia ya jamii ndani ya ardhi ya mtu mwingine. Huko Scotland walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote mradi awe mstaarabu. Sidhani Kericho iko tayari kwa hilo, na baada ya moto wa 2023 hakuna meneja atakayelikubali. Njia moja tu ingetosha kuanzia, kwa mfano kutoka Chagaik kupanda hadi ukingo wa msitu, yenye alama, yenye saa za kufunguliwa, yenye vijana waliofunzwa huduma ya kwanza, na mgawo wa pesa ulioandikwa ukabandikwa getini kila mtu ausome.

Ila njia hiyo isianze na mgeni. Ianze na mchumaji na mtoto wa shule, watu wanaoitumia kila siku kwa hisani. Ikiwa haki ya kupita itatolewa kwa mtu wa Nairobi mwenye tiketi, halafu mwenyeji aendelee kuulizwa anakwenda wapi, tutakuwa tumeiongezea dhuluma ya 1934 sura nyingine, tena tukiiita utalii.

Kama unakwenda wikendi hii

Ondoka mapema. Anza kupanda saa moja na nusu asubuhi na uwe umeshuka kabla ya saa nane mchana. Chukua gambuti au buti zenye meno, koti la mvua hata kama anga ni safi, maji, na kitambulisho, maana getini utaulizwa.

Kwa Chagaik na njia za mashambani, uliza ofisi ya shamba kabla ya siku yenyewe na uombe jibu la maandishi. Kundi likizidi watu kumi, sema mapema. Kwa msituni, pitia kituo cha KFS kilicho karibu, omba askari wa kuwasindikiza na upewe risiti.

Wanaotaka vilima bila chai wanaweza kugeukia upande wa Kipkelion na Fort Ternan, ambako ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Nyando na joto linaanza kunukia ziwa. Hapo ndipo Louis Leakey na wenzake, kuanzia mwaka 1961, walipofukua mabaki ya nyani wa kale aliyeitwa Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa miaka takriban milioni 14, katika shamba la Fred Wicker, ambaye jina lake ndilo alilopewa nyani huyo. Eneo hilo liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa hiyo angalau pale inajulikana ni nani wa kumuuliza.

Ukimchukua kijana wa kukuongoza, patana bei mkiwa bado chini, kabla ya hatua ya kwanza, na mweleze kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Mabishano mengi ya njia hizi huanzia hapo.